Kadi Nzito

Juzi nilikwenda dukani kununua kadi ya grafiki ya kompyuta yangu ya kuchezea gemu. Ndiyo, mtu mzima mwenye kazi na kodi ya nyumba, na gemu nacheza, sijifichi. Muuzaji alinitolea kadi mbili kwenye vifuko vyake vya kijivu vinavyong'aa, akaanza kunieleza ipi ina kumbukumbu kubwa na ipi inachemka haraka. Nilikuwa simsikii. Nilikuwa nimeweka moja kiganja hiki na nyingine kiganja kile, nainua na kushusha kama mama anayechagua kuku mnadani. Kijana akacheka. "Dada, hiyo haiuzwi kwa kilo." Nikacheka naye, lakini harufu ilikuwa imeshanipata, ile ya plastiki na vumbi la ndani ya mashine, nikajikuta nimesimama tena kwenye mlango wa nyumba yetu ya kijijini Nyangoto, nimeshika fremu kwa mikono miwili, nakataa kutoka.

Wenzangu mliokulia Mara mnaijua tegesha, msijifanye wageni. Kwa asiyeijua: ikisikika kwamba mgodi mkubwa utapanua eneo lake, watu wanakimbilia kujenga kwenye ardhi inayotarajiwa kuchukuliwa, si ili wakae bali ili wahesabiwe na kulipwa fidia. Nyumba ya namna hiyo ndiyo tegesha. Inategwa kama mtego wa kware. Baba yangu, mchuuzi wa ng'ombe wa Busawe, mtu aliyeweza kumtazama dume akiwa bado ng'ambo ya mto na kukwambia kama atafika mnadani au atalala njiani, naye alitega. Alijenga nyumba ndefu ya tofali za mchanga mwingi na saruji ya kuonja tu, milango yote ikitazama barabara, na nyuma yake akapanda mipapai iliyobanana kiasi kwamba mbuzi hakuweza kupita katikati. Vyumba vilikuwa vingi, lakini chenye sakafu kilikuwa kimoja. Vingine ukifungua mlango ulikutana na majani yaliyoota ndani.

Ubaya wa tegesha ni kwamba nyumba tupu inajulikana, na wathamini si watoto. Baba akaamua nyumba yake iwe na watu. Watu wenyewe tukawa kaka yangu Marwa, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa bila shughuli, na mimi. Mama alibaki Busawe na wadogo zangu na mifugo. Niliambiwa ni kwa muda mfupi, na kwamba shule nitahamishiwa mambo yakikaa sawa. Kazi yangu ilikuwa kutoa moshi. Sitanii. "Nyumba isiyotoa moshi haina mtu," Baba alisema. "Hata mpita njia anajua." Kwa hiyo asubuhi niliwasha moto, mchana niliwasha, jioni niliwasha, hata siku ambazo hapakuwa na cha kupika. Nilijifunza kwamba mavi ya ng'ombe yaliyolowa yanatoa moshi mwingi kuliko kuni kavu, na kwamba ukikaa upande upepo unakotoka macho hayawashi sana. Mchana mgodi ulilipua miamba, ardhi ikatetemeka, vumbi likashuka kutoka kwenye bati na kuingia kwenye sufuria. Nikaendelea kukoroga.

Wathamini walipofika mara ya kwanza nilikuwa jikoni. Kijana mmoja aliandika namba ukutani kwa rangi nyekundu. Mwingine alimkabidhi Baba kibao chenye namba hiyohiyo, akamsimamisha mlangoni apigwe picha. Mimi nilichungulia, na Baba akanivuta mkono. "Njoo, waone kuna familia." Nikasimama ubavuni mwake, uso umejaa masizi, naye akaweka kola yake sawa. Kamera ikalia. Kisha mkubwa wao akatangaza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia maneno yale nyumba hadi nyumba: "Kuanzia leo hakuna kuongeza kitu, hakuna kupunguza kitu. Kilichomo kwenye picha kibaki kama kilivyo mpaka turudi."

Hapo ndipo nilipofungwa. Watu wazima walisikia habari ya kuta na miti. Mimi nilisikia habari yangu. Nilikuwa kwenye picha, kwa hiyo nilikuwa nimehesabiwa, na kilichohesabiwa hakipunguzwi. Na kila nilichokiona kilinithibitishia. Ukuta ulipopasuka kwa mlipuko, Baba hakuthubutu kuuziba. Jirani aliezuliwa bati na upepo, akaliacha limening'inia vilevile, mvua ikamnyeshea kitandani. Kama mtu mzima anaweza kuogopa kugusa bati lake mwenyewe, mimi ni nani hata nitembee na miguu yangu mpaka Busawe? Sikumuuliza mtu. Nilidhani wote wanajua, na ndiyo maana hawalisemi. Nilijiwekea sheria kwamba kisimani naweza kwenda, hata sentani, penye maduka, naweza kwenda, mradi nirudi kulala, kama ng'ombe wanaotoka malishoni na kurudi zizini. Usiku sikulia. Nililia mchana, kwa sababu mchana moshi ulinipa kisingizio.

Marwa ndiye aliyeleta kompyuta. Ilikuwa kompyuta kuukuu ya ofisini, boksi jembamba la rangi nyeusi, ameipata kwa fundi wa Tarime mjini aliyemfundisha kufungua na kufunga mashine. Tulivuta umeme kwa jirani kwa waya mrefu uliopita juu ya mipapai. Marwa alikuwa na mpango. Sentani walijaa vijana wachimbaji wadogo, wanaotoka mashimoni na tope mpaka kwenye nyusi na hawana pa kupotezea jioni. Angeweka gemu la mpira, waje wacheze. Tatizo, kompyuta ile ilikuwa ya kuandikia barua. Ukifungua mpira, mchezaji ananyanyua mguu, halafu unasubiri. Unaweza kwenda kugeuza ugali ukarudi ukamkuta mguu bado uko juu. "Inakosa kadi ya grafiki," Marwa aliniambia. "Ndiyo inayochora picha. Hii iliyomo ndani ni ya kuchora herufi."

Baba alipokuja mwisho wa juma Marwa akamweleza. Nilikuwa napuliza moto, masikio yote kwao. Baba hakuelewa gemu, lakini alielewa jambo moja haraka sana: nyumba yake itajaa watu kila siku, wazi, mbele ya barabara. Hakuna mthamini atakayesema hiyo ni tupu. Akanitazama, nafikiri kwa mara ya kwanza tangu aniletee ndoo ya kuchotea maji. "Wakijaa hao vijana," alisema, "huyu mtoto arudi kwa mama yake."

Sijui kama aliona nilivyoganda. Aliposema hivyo mimi niliunganisha yangu. Kadi inachora picha. Mimi nimefungwa na picha. Basi hiyo kadi itachora picha nyingine ya nyumba, yenye vijana wengi mlangoni, na mimi simo, na wathamini wakirudi watakuta kila kitu kimetimia. Ilikuwa hesabu safi kabisa. Mpaka leo nikiifikiria naona kosa lake ni dogo tu. Tangu siku hiyo nilianza kuiombea kadi kwa Mungu kama mtu anavyomwombea mgonjwa.

Tulikwenda Sirari, mpakani, wote watatu. Kabla ya kuondoka nilirundika mavi mabichi juu ya makaa, moshi udumu mpaka tutakaporudi. Muuzaji alikuwa kijana wa upande wa Kenya, kibanda chake kimejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Baba alimsukuma Marwa mbele. "Mweleze, mura, wewe ndiye kijana wa mambo haya." Marwa akaeleza. Muuzaji akaweka kadi mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, nyembamba, ina feni moja. Nyingine ilikuwa ndefu kama mkono wangu, nyeusi, ina feni mbili.

"Hii ndogo ndiyo itakubali mashine yenu, mzee," alisema muuzaji. "Haitaki waya, inakula stima kidogo kidogo kwa hiyo ubao yenyewe. Hii ingine ni kali sana, lakini inataka pawa saplai kubwa, na sijui kama itatoshea kwa hiyo boksi."

"Tata, tuchukue ndogo," Marwa alisema kwa sauti ya chini. Kwetu baba ni tata, na mbele ya mgeni tata hapingwi mara mbili.

 Baba aliziinua zote, moja kila mkono. Akaipitishia dole gumba ile kubwa mgongoni, taratibu, kama anatafuta kidonda. Akapuliza feni zake, zikazunguka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii ilikuwa ya nani?"

"Ya jamaa mmoja wa Nairobi, mzee. Alikuwa anachezea gemu."

"Kwa nini ameiuza?"

"Amenunua ingine kubwa zaidi."

"Alikuwa anaitesa?"

Muuzaji alimtazama Marwa, Marwa akatazama chini. "Hapana, mzee. Iko na afya."

"Mimi sijawahi kutumwa dume nikarudi na ndama," Baba alisema.

"Lakini Tata, umeme wake..."

"Dume mkubwa analishwa, mura. Humkatai kwa sababu anakula."

Baba akanipa nami nizishike. Nilikuwa upande wake kwa moyo wote. Ile ndogo ilikuwa nyepesi kama kipande cha mkate mkavu, na mimi nilikuwa naishi ndani ya vitu vyepesi: tofali unazoweza kuzikwangua kwa kucha, milango ya mbao za maboksi, mipapai isiyozaa. Nilijua wepesi ni nini. Ile kubwa ilinilemea kifundo cha mkono na ilikuwa baridi, na nikawaza kwamba hatimaye tumepata kitu cha kweli. Nikaipakata njia nzima ya kurudi.

Haikuingia. Boksi lilikuwa fupi kwa kadi ile. Marwa alikaa sakafuni akiigeuza huku na huku, na Baba akaenda kuazima msumeno wa chuma, akakata kile kibao cha ndani kilichoshika diski, unga wa chuma ukamwagika. "Zizi linapanuliwa," alisema. Kisha ikaonekana mgongoni mwa kadi kuna tundu sita zinazotaka waya wake wenyewe, na kompyuta yetu waya huo haikuwa nao. Marwa akasema hapa ndipo tusimame, turudishe. Baba akasema mtu harudishi dume aliyekwisha kumtoa mnadani. Basi Marwa akachuna waya za diski, akaziunganisha kwa utepe mweusi wa gundi. Alijua. Alijua tangu Sirari, na alifanya kwa sababu baba yake alikuwa amesimama juu yake na mimi nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye kanga.

Na iliwaka! Jioni hiyo, kabla ya giza, vijana wamejaa chumbani na wengine wanachungulia dirishani, feni mbili zikalia, na uwanja ukatokea. Majani yake yalionekana jani moja moja. Jasho lilionekana. Watazamaji wa jukwaani walikuwa na sura, na nakumbuka nilisogea karibu kabisa na skrini nikitafuta kama nimo kati yao. Vijana walipiga kelele bao lilipoingia, wakasukumana, wakaingia mpaka vyumba vyenye majani, na nyumba ile kwa mara ya kwanza ilisikika kama nyumba. Baba alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Mnamwona dume?" aliwauliza, na wao wakamwitikia, "Tunamwona, mzee!"

Kisha kitu kikalia paa, kavu, kama fimbo ikivunjika. Skrini ikafa. Moshi mwembamba ukatoka nyuma ya boksi, na harufu ya plastiki na nywele zilizoungua ikajaa chumba. Marwa akarukia waya ukutani. Mtu mmoja akacheka, halafu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakitupa pole njiani. Mimi nilikuwa nautazama ule moshi. Nilikuwa mtu wa moshi, nilijua unasema nini. Nikaenda kona yangu nikafungua fundo la kanga na kurudisha nguo kwenye msumari.

Asubuhi Marwa aliondoka kwenda Mwanza. Hawakugombana, na labda ingekuwa nafuu wangegombana. Alisema pawa saplai, kile kifaa cha kulisha umeme, imeungua, labda na kadi imekwenda nayo, atatafuta kazi kwa mafundi na atarudi na nyingine. Nilibaki na nyumba. Baba sasa alihamia pale, lakini aliondoka alfajiri kwenda kwenye ng'ombe wake na kurudi jioni, na siku nzima nilikuwa mimi, milango, na namba ukutani. Niliacha kwenda sentani. Halafu nikaacha kwenda hata kwa jirani. Niliogopa wathamini waje dakika hiyohiyo, waangalie picha yao, waseme hapa pamepungua mtoto, na kazi yote ya Baba ipotee kwa ajili ya miguu yangu. Nilikuwa na uwezo wa kutembea na mlango haukuwa na kufuli. Nikiwaza sasa, sijawahi tena kufungwa namna ile.

Marwa alikuwa amepitia Busawe akamwambia Mama kwamba ninashinda peke yangu. Mama hakuchukua muda. Nilimwona akishuka kwenye pikipiki na kitenge chake cha kanisani, akaingia ndani bila kubisha hodi, akaanza kutoa nguo zangu kwenye misumari. "Ghati, vaa viatu. Twende nyumbani."

Sikuwa nimemwona kwa kipindi chote kile, na nilimpenda mpaka tumbo likaniuma. Nikakimbilia mlangoni nikashika fremu kwa mikono miwili.

"Siendi."

"Husikii? Twende."

"Siwezi, Mama. Nimo kwenye picha."

Alinivuta, nikang'ang'ania, mchanga wa ukuta ukadondoka kichwani mwangu. Nikamwambia yote kwa pamoja, kamasi na machozi: kibao, kamera, hakuna kupunguza, na kadi iliyokuwa inichoree picha nyingine ikaungua. Mwanzoni alitaka kucheka, nikauona mdomo wake. Kisha akakaa chini pale pale kizingitini, na kitenge cha kanisani, akajishika kichwa.

Baba alikuwa amerudi mapema. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na fimbo yake, na sijui alisikia kutokea wapi, lakini alisikia ya kutosha. Mama akamgeukia. "Umemfanya nini mtoto wangu?" Nilingoja apandishe sauti, maana Baba alikuwa na sauti. Hakupandisha. Aliniangalia mikono yangu ilivyoshika ile mbao, akaiangalia na ile namba, akachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. Angeweza kusema ni upuuzi, wathamini hawahesabu watoto. Nisingemwamini. Nadhani aliliona hilo.

"Ni kweli, walisema hakuna kupunguza," alisema. "Lakini kibao alishika nani?"

"Wewe."

"Basi. Aliyeshika kibao akibaki, wengine wanaruhusiwa kutoka. Ndiyo sheria yao. Mimi nitabaki."

"Na moshi?"

"Nitautoa."

Nikaachia. Kwenye pikipiki nilikaa kati ya dereva na Mama, na sikugeuka nyuma, nikiogopa sheria isije ikabadilika.

Wathamini hawakurudi. Shimo la mgodi lilielekea upande mwingine, na ardhi ile ikabaki ya Baba, na nyumba ikabaki yake, ya kukaa kweli, yeye ambaye aliijenga isikaliwe. Marwa ana kibanda chake cha gemu Mwanza na anajua kuchagua kadi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Kila tukikutana tunapanga namna ya kumtoa mzee pale, na kila tukimwambia anatujibu lilelile: wakija watamkuta nani? Mama aliacha kubishana naye siku nyingi. Humpelekea unga.

Nilipotoka dukani na kadi yangu, ile nyepesi, nikachukua likizo nikaenda kumwona. Namba ukutani bado ni nyekundu, kwa sababu rangi ikififia anaipitishia upya kwa mkono wake. Ile kadi kubwa ya Sirari ipo. Ameiweka chini, kwenye mlango, izuie upepo usiufunge. "Shikamoo, Tata," nilimwamkia, nikaiinua, nikaipima kiganjani. Feni zake hazizunguki tena, vumbi limezikamata.

"Marahaba. Unaona ilivyo nzito?" aliniambia. "Nilisema mimi."

"Ulisema, Tata. Twende basi Mwanza ukaone na kadi zetu, mimi na Marwa."

Alicheka kidogo, akaweka kola yake sawa, akasema nitangulie. Nikairudisha kadi mlangoni, mahali pake. Nilipofika barabarani, safari hii niligeuka. Hapakuwa na cha kupika, nilikuwa nimemwachia chakula kilichoiva, lakini nyumba ilikuwa inatoa moshi.